Ya Kale ni Dhahabu au Kipya Kinyemi? Gari la Mizigo la Jana na la Leo

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazogombana. Ya kwanza husema ya kale ni dhahabu. Ya pili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mpenzi msomaji, ukitaka kuziona methali hizi zikishikana mashati, nenda stendi yetu ya Muhoroni asubuhi, pale magari ya mizigo yanapopakia. Utamsikia dereva mmoja akiapa kwamba hakuna gari kama Shark. Mwenzake atacheka na kumjibu, "Hiyo chuma yako peleka makumbusho, dunia imehamia KDH!" Wapiti njia nao hujiunga, huyu upande huu, yule upande ule, na chai hupoa.

Jambo hili si mzaha wa stendi tu. Hapa kwetu familia nyingi hutegemea miwa, na muwa huchukua mwaka mmoja na nusu hivi tangu kupandwa hadi kukatwa. Baada ya hapo kuna kungojea malipo. Tangu kiwanda cha sukari cha Muhoroni kiwekwe chini ya mrasimu mwaka wa 2001, watu wengi wamejifunza kutafuta mlango wa pili wa riziki: duka, kuku, maziwa, ama gari la mizigo lililotumika. Pesa zilizongojewa miezi kumi na minane zaweza kuisha kwa alasiri moja iwapo mnunuzi hajui anachokinunua. Ndiyo maana tumeonelea tuyaweke magari haya mawili mezani, tuyalinganishe kwa kituo.

NANI NI NANI?

Abiria wa kwetu huliita kila gari la aina hii "nisani", hata kama limeandikwa Toyota mbele. Leo tunazungumzia Toyota HiAce. Gari hili lilianza kuundwa Japani mwaka wa 1967, nalo limepitia vizazi kadhaa. Viwili ndivyo vinavyotuhusu.

Kizazi cha kwanza ni kile cha H100, kilichotoka mwaka wa 1989. Hiki ndicho wenyeji walichokibandika jina la Shark, yaani papa. Cha pili ni H200, kilichochukua nafasi yake huko Japani mwaka wa 2004. Kipo pia kizazi cha H300 kilichotokea mwaka wa 2019 chenye pua mbele, lakini hicho bado ni nadra katika soko la mitumba, kwa hiyo tukiache kwanza.

Majina ya KDH na TRH yasikutishe. Herufi za mwanzo hutaja familia ya injini, na H ya mwisho humaanisha HiAce. Ukiona LH, kwa kawaida hiyo ni Shark yenye injini ya dizeli ya familia ya L. RZH ni Shark ya petroli. KDH ni H200 ya dizeli, na TRH ni H200 ya petroli. Herufi V ikifuata nambari, kama vile KDH201V, ujue gari liliundwa likiwa la mizigo tangu kiwandani. Maandishi haya yamo kwenye kibao cha utambulisho kilichogongwa kwenye bodi. Mnunuzi anayeweza kukisoma kibao hicho hadanganyiki kwa urahisi.

NAFASI NA UZANI NI VITU VIWILI

Wanaoisifu H200 huanza na tumbo lake, na hawakosei. Sheria za Japani huliweka gari la mizigo katika daraja la kodi nafuu mradi lisizidi urefu wa mita 4.70, upana wa mita 1.70 na kimo cha mita 2. Waundaji wa H200 ya kawaida waliyajaza mapimo hayo karibu yote. Ndani yake sakafu ya mizigo inafika urefu wa mita 3, upana wa mita 1.52 na kimo cha mita 1.32. Zidisha, utapata takriban mita 6 za ujazo. Mkono wa gia nao ulihamishiwa kwenye dashibodi ili miguu ya dereva na taniboi ipate nafasi. Shark ni fupi kidogo ndani, na paa lake limeinama mbele kama pua ya yule samaki aliyeipa jina.

Lakini hapa ndipo watu wengi huteleza. Tumbo kubwa si mgongo wenye nguvu. Magari mengi ya mizigo ya vizazi hivi viwili yaliidhinishwa kubeba kati ya kilo 1,000 na 1,250. Yaani uzani ni karibu ule ule! Magunia 20 ya sukari ya kilo 50 tayari ni kilo 1,000. Magunia 11 ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 990. Ukiyapanga ndani ya H200 utaona nafasi tele imebaki, na shetani atakunong'oneza, "Ongeza mengine, si bado kuna nafasi?" Ukimsikiliza, springi zitalala, breki zitachelewa, na polisi wa barabarani atakungoja Ahero.

Basi swali la kwanza ni hili: unabeba nini? Anayebeba mkate, omena iliyokaushwa, magodoro au vifaranga anabeba vitu vyepesi vinavyokula nafasi. Huyo H200 itamlipa kila siku, kwani safari mbili za Shark huenda zikawa moja na nusu. Anayebeba sukari, saruji au chokaa ya Koru anabeba vitu vizito vinavyokaa padogo. Huyo akilipa pesa za ziada kwa ajili ya tumbo kubwa, atakuwa amenunua hewa.

MOYO WA GARI

Sasa tuinue kiti cha mbele, maana katika magari yote mawili injini imejificha hapo chini. Ndiyo sababu dereva wa safari ndefu hushuka akiwa kama aliyekaa kwenye jiko.

Injini za dizeli za Shark, kama vile 3L yenye ujazo wa lita 2.8 na 5L ya lita 3, hufanya kazi kwa njia ambayo mwanafunzi wa Fizikia ataielewa upesi. Pampu inayozungushwa na injini yenyewe husukuma dizeli hadi kwenye nozeli. Nozeli huirusha katika kijichumba kidogo kilicho kando ya silinda, ikawaka humo kwanza, kisha moto ukaingia ndani. Hakuna kompyuta inayoamua lolote. Vyuma husukumana na vyuma. Pampu ikichoka, fundi huifungua, huipima na kuirudisha.

Injini za KDH, yaani 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3, ni ukoo mwingine. Dizeli hukusanywa katika bomba moja imara kwa shinikizo linalopita mara 1,000 ya lile la angahewa. Kisha kompyuta huamuru kila injekta ifunguke kwa muda mdogo mno na kuirusha moja kwa moja ndani ya silinda. Dizeli hutoka kama ukungu, ikaungua vizuri zaidi. Moshi hupungua, na lita moja huenda mbali zaidi. Isitoshe, injini hizi zina tabo, yaani kipepeo kinachozungushwa na moshi unaotoka ili kusukuma hewa nyingi ndani.

Tazama matokeo. Injini ya 3L hutoa nguvu za farasi zipatazo 91. Ile 2KD, ambayo ni ndogo kwa ujazo, hutoa takriban 109. Mdogo amempita kaka yake!

Hata hivyo, kila chenye uzuri kina doa lake. Injekta ya KDH ina matundu membamba mno. Maji kidogo au uchafu ndani ya dizeli huiharibu, na kuibadilisha si kazi ya bisibisi na koleo. Dizeli ya vibuyu inayouzwa kando ya barabara, ambayo Shark huinywa na kukohoa tu, yaweza kuilaza KDH kabisa. Afadhali dizeli ya Kenya ilisafishwa zaidi kuanzia mwaka wa 2015, kiberiti chake kilipopunguzwa hadi sehemu 50 kwa milioni. Lakini usafi wa mafuta bandarini hauzuii mtu kuyachanganya njiani.

Shark nayo si malaika. Ugonjwa wake mkubwa ni joto. Silinda hedi ya injini za familia ya L inajulikana kwa kupasuka gari likichemsha, na gari la zamani huchemsha kwa sababu rejeta imejaa kutu au feni imelegea. Aidha, dizeli za pande zote mbili zina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hadi 150,000, kutegemea injini. Ukikatika barabarani, valvu na pistoni hugongana na injini ikawa chuma chakavu. Injini za petroli za TRH hutumia mnyororo badala ya mkanda. Zina kiu zaidi, lakini kwa mtu wa safari fupi fupi mjini asiyetaka visa vya injekta, zinafaa kufikiriwa.

MLIMA WA LONDIANI NA TOPE LA KANO

Gari halinunuliwi kwa ajili ya barabara ya kwenye picha. Linanunuliwa kwa barabara ya kwetu.

Ukitoka Muhoroni kuelekea Kisumu kupitia Chemelil na Miwani, unateremka kidogo tu na kisha ni tambarare. Muhoroni iko kwenye mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kisumu karibu 1,130. Hapo Shark na KDH hazipishani sana. Lakini geuka upande wa Fort Ternan na Londiani ufuate viazi na maziwa. Utapanda hadi kupita mita 2,200. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila inapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa inayoingia silinda imepungua. Ndiyo sababu utaiona Shark iliyojaa ikipanda kwa gia ya pili, moshi mweusi nyuma, mtoto wa baiskeli akiipungia mkono. KDH hupanda huku tabo ikiifidia hewa iliyokosekana.

Upande wa pili uko uwanda wa Kano na udongo wake mweusi. Mvua ikinyesha, udongo ule hunata kama ugali usioiva. Hapo teknolojia haisaidii sana. Magari yote mawili husukumwa na magurudumu ya nyuma katika matoleo ya kawaida, na yakiwa matupu yote huteleza. Hata hivyo, mawe na mashimo hulikumba zaidi gari lenye nyaya na vifaa vya umeme vingi chini yake. Shark ikigonga jiwe, hugonga chuma.

FUNDI YUKO WAPI?

Hili ndilo swali ambalo wauzaji hawalipendi. Shark huharibika mara nyingi, lakini kwa muda mfupi. KDH huharibika mara chache, lakini inapoharibika hulala.

Fundi wa jua kali hapa Muhoroni, Awasi au Chemelil anaijua 3L kama anavyoijua nyumba yake. Huisikiliza, huinusa, kisha husema, "Mzee, hii ni nozeli ya tatu." Spea, ziwe mpya au zimetolewa kwenye gari lililokufa, zinapatikana karibu. KDH inapowasha taa ya injini kwenye dashibodi, masikio hayatoshi. Inahitaji mashine ya kuisoma kompyuta yake, na mtu anayejua maana ya kile mashine inachosema. Mtu huyo mara nyingi yuko Kisumu. Gari livutwe, lingoje zamu, spea iagizwe. Siku tatu zimekwisha, na mkate haungoji.

Basi mwenye biashara asihesabu bei ya kununulia tu. Ahesabu mambo matatu kwa pamoja: mafuta, matengenezo na siku za kulala. Tufanye hesabu ndogo ya darasani. Tuseme gari linakwenda kilomita 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 2,500. Tuseme pia kwamba gari jipya linaokoa lita 2 kwa kila kilomita 100. Kwa mwezi limeokoa lita 50, kwa mwaka lita 600. Zidisha kwa bei ya dizeli ya siku hiyo, uone kama inakaribia tofauti ya bei ya magari hayo mawili. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa mtu anayetumia gari siku mbili tu kwa wiki, Jumapili akienda soko la Kibuye na siku nyingine moja. Hata miaka mitano haitamtosha kurudisha pesa zake. Gari jipya hulipwa na kilomita. Asiye na kilomita asilinunue.

USALAMA WA DEREVA

Katika magari yote mawili dereva hukaa juu ya magurudumu ya mbele, na kati ya magoti yake na lori linalokuja pana bati jembamba tu. Kwa hiyo mwendo wa kasi ni adui wa wote. Lakini hapa ukweli usemwe: H200 iko mbele. Magari mengi ya kizazi hicho yana mfuko wa hewa kwa dereva na breki zinazozuia magurudumu kufunga ghafla. Shark nyingi za mizigo hazina hata kimoja. Anayenunua Shark kwa ajili ya mwanawe kuendesha akumbuke kwamba bei nafuu ina sehemu yake isiyoandikwa kwenye risiti.

KABLA YA KUTOA PESA

Wapo watakaouliza, mbona Wajapani huuza magari ambayo bado ni mazima? Sababu ni sheria zao. Ukaguzi wa magari kwao ni wa mara kwa mara na wa gharama. Tena, kuanzia Oktoba 2003, Tokyo na majirani zake walipiga marufuku dizeli zenye moshi mchafu katika maeneo yao. Kilichokataliwa huko kikapata soko Mombasa.

Lakini Kenya nayo ina kanuni. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kutokana na hilo tunapata jambo muhimu. Shark ya Japani ilikoma mwaka wa 2004, kwa hiyo mlango wake wa kuingia nchini ulifungwa mwaka wa 2012 au karibu na hapo. Kila Shark unayoiona leo imekwisha kufanya kazi hapa nchini kwa miaka mingi. Nambari ya usajili hukusaidia. KBA ilianza mwaka wa 2007, KCA mwaka wa 2014, na KDA mwaka wa 2020. Shark yenye nambari ya KC au KD haijawa haramu kwa sababu hiyo, lakini ina hadithi, na mnunuzi ana haki ya kuisikia yote.

Wakala atakuja na maneno matamu: "Mama, hii gari ilikuwa ya mwalimu, alikuwa anaenda nayo kanisani tu." Mshukuru, kisha fanya haya:

1. Fika alfajiri, injini ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha kitu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha waweza kuwa maji yanayoingia ndani.

2. Fungua rejeta ikiwa baridi. Maji yenye mafuta juu ni dalili ya silinda hedi au gasketi mbovu.

3. Lala chini uitazame sakafu. Gari lililobeba samaki wa barafu hunywa maji kwa miaka, na kutu huanzia pale usipopaona.

4. Usiamini mita ya kilomita peke yake. Tazama raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Kilomita zinaweza kurudishwa nyuma, lakini raba iliyolika haikui tena.

5. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kama hakuna ajuaye, hesabu gharama ya kuubadilisha ndani ya bei.

6. Kwa KDH, lipa fundi mwenye mashine ya kompyuta aisome kabla, si baada.

7. Hakikisha mmiliki kupitia NTSA, na nambari ya chasi ilingane na hati. Asiyekubali kukaguliwa, mwache na gari lake.

KATA SHAURI

Sasa ubishi wa stendi tuuamueje? Mama wa mkate na mzee wa omena wanaokwenda Kisumu kila siku kwa lami, na wenye akiba kidogo ya kulipa fundi wa kompyuta, wachukue H200. Anayepanda Londiani kila wiki achukue KDH, tena asinunue mafuta ya vibuyu. Mwenye pesa chache, safari fupi na fundi anayemwamini karibu na nyumbani, Shark yenye sakafu nzima na rejeta safi bado itamlisha. Na mwenye chokaa na saruji afikirie pikapu au lori dogo, asije akailaumu HiAce kwa kuvunjika mgongo ambao haukuwa wake.

Kwa hiyo methali zetu mbili hazina haja ya kugombana. Ya kale ni dhahabu, lakini dhahabu hupimwa kwa mizani. Kipya kinyemi, lakini kidonda chake hutaka daktari, nawe ni lazima ujue anakokaa kabla hujaugua. Wanafunzi wenzangu, wengi wetu ndio wasomaji wa karatasi katika nyumba zetu. Siku mzee akirudi na malipo ya miwa na kusema anakwenda kuona gari, mwombe uandamane naye. Beba kalamu, usome kibao, uhesabu kilomita. Mwenye macho haambiwi tazama.